Banda la Vifaranga Wetu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imetukuta maturubai hayajafungwa. Kitambaa cha sare za shule kimelowa upande mmoja, nimekitandaza juu ya cherehani kikauke. Mteja hakuna, hata wa kuuliza bei tu. Shangazi Mdogo kalala mgongoni, na mimi nimeona niandike hapa nyuma ya daftari la vipimo, maana mikono ikikaa bure usingizi unanichukua na kichwa kinaangukia sindano.

Shangazi Mdogo ni binti yangu. Jina lake analo, lakini alizaliwa na uso wa wifi yangu mzima mzima, kidevu, nyusi, mpaka ule mtindo wa kukutazama kama una deni naye. Baba yake ndiye aliyeanza kumwita hivyo. Wifi anakasirika kwa mdomo, ila kila asubuhi kabla hajafungua gunia la mkaa lazima apite kwenye meza yangu amtazame.

Ameanza kutambaa. Nikimshusha, anaelekea barabarani moja kwa moja. Nikimbeba, mgongo unawaka. Basi nimembeba.

Alhamisi, 6 Machi

Leo tumekutana chini ya paa la soko na afisa maendeleo mpya. Msichana mdogo, viatu vyake havijaona tope bado, na anazungumza kama kitabu. Ametueleza mpango wa halmashauri wa kuwawezesha wanawake: sisi tuseme tunachohitaji, halmashauri ilete vifaa, na sisi tutoe nguvu zetu. Akasema, "Mradi utoke kwenu, usitoke mezani kwangu." Maneno hayo yalinipendeza.

Mama Chai ndiye aliyesimama kwanza, mwanawe kiunoni, kijana wa mwaka na nusu asiyetulia. Akasema, "Mimi sina maneno mengi, dada. Tunataka banda la hawa vifaranga wetu. Kutwa wako miguuni mwetu. Siku moja mtu atamkanyaga mmoja hapa."

Soko zima likaitikia. Kila mtu hapa anawaita watoto hivyo. Kifaranga wako analia, kifaranga wako kala sabuni, mfungie kifaranga wako mlango. Sikumbuki nani alianza.

Afisa akaandika. Akauliza, "Wako wengi?"

"Wanaongezeka kila mwezi," akajibu muuza mboga, na yeye mwenyewe tumbo liko mbele. Tukacheka mpaka tukapigana mabega.

"Na mnawalisha nini?"

"Chochote wanachookota chini," Mama Chai akasema.

Tukacheka tena. Afisa hakucheka. Akatikisa kichwa, akasema, "Ndiyo maana wengi hawakui vizuri. Mkipata mafunzo mtaona tofauti."

Hapo kicheko kikakatika. Mtoto hata mmoja hajazaa, anakuja kutuambia wanetu hawakui. Nilimtazama Shangazi Mdogo na mashavu yake yale, nikameza hasira.

Kikao kikaisha kama vinavyoisha vyote. Afisa akauliza, "Tumeelewana?" Sisi sote kwa pamoja, "Tumeelewanaaa." Huo ndio wimbo wetu tangu shuleni.

Nyumbani baba mtoto kaniuliza, "Haya mama, umewezeshwa?"

Nimemwambia awezeshwe yeye kuosha vyombo.

Ijumaa, 14 Machi

Wifi kaitwa ofisini, maana ndiye mwenyekiti wa kikundi. Katoka huko kimya. Nikamwuliza, "Mradi umepita?" Akasema, "Umepita." Akaenda kupima mkaa wake, wala hakupita kumtazama mtoto.

Jumamosi, 22 Machi

Tumebeba mchanga. Mvua inanyesha, inaacha, inanyesha. Mchanga ukilowa unakuwa mzito kama mtu aliyekataa kwenda. Nilikuwa na ndoo kichwani na mtoto mgongoni, na yeye anaona ni mchezo, anapiga ndoo kwa chini.

Baba mtoto aliponiona: "Leo kweli umewezeshwa."

Jumatatu, 24 Machi

Mvua.

Alhamisi, 3 Aprili

Msingi umetoka. Nimekwenda kusimama katikati yake na mtoto. Nimemwonyesha: hapa utalala, hapa utachezea. Akakojoa hapo hapo.

Jumatano, 9 Aprili

Jengo linapanda na mimi sikuamini kama halmashauri ina akili namna hii. Kuta wamezijenga nusu tu, juu ni wazi, ili tuwaone watoto kutoka kwenye meza zetu. Sakafu wameilaza kidogo kuelekea kwenye mfereji, ukimwaga maji yanatoka yenyewe. Nilimwambia wifi, "Wamefikiria mpaka mikojo." Wifi akasema, "Ehe," akaangalia pembeni.

Fundi mwashi ni mtu wa maneno machache. Akaniuliza, "Vifaranga wenyewe wanaingia lini?"

"Mvua ikikatika tu."

"Msiwajaze sana. Wakibanana wanadonoana."

"Hao wa hapa wanang'atana kabisa," nikamwambia. Akatingisha kichwa, akasema hajawahi kuona. Nikasema yeye aje hapa siku moja aone.

Nimemsamehe afisa lile neno lake. Mtu anayejenga hivi kwa ajili ya watoto wa wenzake, moyo anao.

Jumanne, 15 Aprili

Nisipoandika sasa sitaandika.

Mvua ilishuka kwa kishindo mara tu baada ya saa nne. Watu wote wakakimbilia chini ya paa, wateja, mizigo, mikokoteni, tukabanana. Mama Chai alikuwa anamimina. Birika lake kubwa, lile la watu wengi, liko juu ya jiko. Mtoto wake alikuwa amemfunga kamba ya khanga kwenye mguu wa meza, kama afanyavyo siku zote, na sote tumezoea, tunamtania kwamba anafuga mbuzi. Mtu mmoja kasukumwa, kasukuma meza. Meza ikaenda, ikagonga jiko. Mtoto hakuweza kwenda kokote kwa sababu kafungwa.

Nilisikia birika likianguka kwanza. Kisha hapakuwa na sauti. Huo ukimya ndio unaonirudia. Mtoto alifungua mdomo na sauti haikutoka, na sisi sote tumesimama tunamtazama mdomo wake.

Ni wifi aliyetangulia. Alirusha gunia, akaingia kwa magoti, akakata ile khanga kwa meno. Kwa meno, nimeona. Akambeba mtoto mpaka nje na kumshika mkono wake chini ya maji ya mvua yanayotoka kwenye bati, anamwambia, "Lia baba, lia, lia." Na mtoto akalia. Sijawahi kufurahia kilio hivyo.

Ni mkono wa kushoto na bega kidogo. Zahanati wamesema atapona, ngozi itarudi taratibu. Mama Chai amekaa kwenye benchi la zahanati na vipande vya khanga mkononi. Alisema neno moja tu: "Nilimfunga ili asiungue."

Jumatano, 16 Aprili

Wifi hajafungua. Nimempelekea chakula. Kakaa kitandani, uso ukutani. Nikamwambia, "Wifi, wewe ndiye uliyemwokoa, unaumwa nini?" Akasema niondoke na mtoto wangu. Sikuelewa, nikaondoka.

Jumamosi, 26 Aprili

Paa limepanda. Mabati yanang'aa. Mama Chai kaja kuyatazama, mtoto na bandeji yake, akauliza kama ataruhusiwa kuwa wa kwanza kuingia. Tukasema wote, nani atamkatalia.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Nimeshona mifuko miwili ya suruali upande mmoja. Nimefumua.

Jumatano, 7 Mei

Lori limekuja. Limeandikwa jina la halmashauri ubavuni. Tuliacha meza zetu tukalikimbilia, tukijua ni magodoro. Muuza mboga, na tumbo lile, alikimbia kunipita.

Kwanza wameteremsha wavu wa waya. Tukasema sawa, ni wa mbu. Mama mmoja akasema matundu makubwa hayo, mbu gani huyo. Tukacheka. Kisha wakateremsha vyombo virefu vyekundu vya plastiki vyenye vitundu vitundu. Nikavishika, nikageuza. Nikafikiri ni vya kuoshea mikono. Kisha magunia. Kisha taa zenye vifuniko. Kisha maboksi yenye matundu, na maboksi yanalia.

Dereva akafungua moja ili atuonyeshe kwamba mzigo umefika salama.

Walikuwa wa manjano, wamebanana, wote wanalia kwa pamoja. Vifaranga. Vifaranga wa kuku.

Nilitazama lile boksi, nikatazama lile jengo, na jengo lote likabadilika mbele ya macho yangu nami nimesimama pale pale. Kuta nusu. Sakafu ya mteremko. Mlango mwembamba. Tulikuwa tumejenga banda la kuku. Tulibeba mchanga wa banda la kuku kwa vichwa vyetu, na watoto migongoni, mwezi mzima wa mvua.

Afisa alifika akitabasamu kweli kweli, mtu aliyeleta zawadi. "Vifaranga wenu hawa hapa, wa kisasa. Na wale wa zamani mnaowaacha waokote chini, mtawachanganya polepole baada ya chanjo."

Mama Chai akamnyanyua mwanawe, mkono ule mweupe wa bandeji ukaja mbele. "Kifaranga wangu ndiye huyu," akasema.

Afisa akamtazama mtoto. Akatutazama sisi, mmoja mmoja, na kila mmoja ana wake mgongoni au kiunoni. Niliona inavyomwingia. Akasema kwa sauti ndogo, "Lakini nilimsomea mwenyekiti. Nilimsomea yote. Mradi wa ufugaji wa kuku. Nikamwuliza kama tumeelewana."

Tukageuka. Wifi alikuwa amesimama nyuma kabisa, khanga mdomoni. Hakukana. Aligeuka akaenda zake.

Alhamisi, 8 Mei

Alijua. Toka siku ile alipoitwa ofisini alijua. Nilipokuwa nasifu mfereji wa mikojo alikuwa anajua. Siwezi hata kukasirika vizuri, nimebaki nimeduwaa tu kama aliyepigwa kofi na mtu aliyelala.

Jumapili, 11 Mei

Baba mtoto anasema ni dada yake, nimwache. Nimemwambia simgusi dada yake, ila mtoto hatapelekwa kwake. Akaanza kusema, "Sasa kosa la mtoto..." Nikamtazama. Akaenda kuosha vyombo bila kuambiwa.

Shangazi Mdogo kila tukipita kwenye mkaa ananyoosha mikono. Ninapita upande wa pili.

Jumanne, 13 Mei

Vifaranga wameingizwa ndani. Wamewashiwa taa wapate joto. Ukutani wamepaka maandishi makubwa ya buluu: BANDA LA VIFARANGA. Alhamisi mkurugenzi wa halmashauri anakuja kuzindua. Tumeambiwa tuvae vizuri na tupige makofi.

Muuza mboga anasema kuku si vibaya, mayai yatapatikana. Mama Chai anageukia birika lake. Tangu siku ya lori anamimina chai bila kutazama vikombe.

Alhamisi, 15 Mei

Nimerudi nyumbani, nimekaa na nguo zilizolowa, na sijui nianzie wapi.

Wageni walikaa kwenye viti chini ya turubai. Sisi tukapangwa pembeni kwenye uwanja, ili tuonekane. Mkurugenzi alikuwa njiani, na mvua ikashuka. Si manyunyu, ile ya kumwagwa. Afisa akatuomba tuvumilie kidogo tu. Tukavuta khanga juu ya watoto. Wakaanza kulia, mmoja akiacha anaanza mwingine. Na ndani ya banda, mbele yetu pale, zile taa zinawaka, na vifaranga wamekauka, wamejikusanya chini ya joto.

Mama Chai alikuwa karibu nami. Bandeji ya mtoto ilikuwa imeanza kulowa. Akaifunika kwa kiganja. Akasema, si kwa kelele, kama mtu anayesoma kibao: "Wao wako ndani. Sisi tuko nje."

Akatoka kwenye mstari, akainama chini ya utepe wa uzinduzi, akafungua ule mlango mwembamba na kuingia.

Sikuwaza. Miguu ilikuwa imeshakwenda. Niliinama, nikaingia, na nyuma yangu wakaingia wengine, hata muuza mboga na matumaini yake ya mayai, ubavu ubavu kwa sababu ya tumbo. Tukawashusha watoto kwenye maranda makavu. Kelele zikakatika mara moja. Watoto wametoa macho, vifaranga wanapita katikati ya miguu yao. Shangazi Mdogo alimshika mmoja, nikamtoa mdomoni kabla hajamng'ata.

Mkurugenzi alifika kwenye utepe na mkasi mkononi. Mtu mzima, mwavuli kashikiwa. Akachungulia kupitia waya, akatuona tulivyokaa.

"Nani kawaingiza watoto kwenye banda la kuku?"

"Mheshimiwa, na nani kawaingiza kuku kwenye banda la watoto?" Mama Chai akajibu, anakausha bandeji kwa pindo la gauni lake.

Mkurugenzi akamgeukia afisa. Afisa alikuwa amelowa chepechepe, viatu vyake sasa vimeliona tope. Akasema, "Walisema vifaranga. Neno kuku niliongeza mimi. Sikuuliza." Nilidhani atatusingizia. Hakutusingizia.

"Na mwenyekiti? Mlikubaliana, sivyo?"

Wifi alikuwa bado nje mvuani, peke yake kwenye ule mstari, maana hakuthubutu kuingia nasi. Akasogea mbele. Sijawahi kumwona wifi akitafuta maneno.

"Mheshimiwa, mimi nilisomewa. Nilisikia neno kuku. Nikanyamaza." Akavuta pumzi. "Kulikuwa na wakubwa mezani. Niliona aibu kusema kwamba hamkutuelewa, mtaniona mjinga. Na niliogopa mkisikia tunabisha mtawapa mradi watu wa soko jingine. Nikasema moyoni, jengo kwanza lisimame, mengine tutajua. Mtoto wa huyu mama akaungua tukiwa tunasubiri banda ambalo nilijua si lake." Akatutazama kupitia waya. "Tulisema tumeelewana. Hatukuelewana. Sisi huwa tunasema tu."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mkurugenzi alisimama na mkasi wake wazi. Shangazi Mdogo alitambaa mpaka mlangoni, akaudaka utepe, akautia mdomoni na kuanza kuutafuna, huku anamtazama mkurugenzi kwa yale macho ya kudai.

Mkurugenzi akashusha mkasi. Akamwambia afisa, "Kaeni nao upya." Akaondoka. Utepe haukukatwa.

Wifi akabaki mlangoni. Nilikuwa na maneno yangu tayari, ya wiki nzima, nimeyapanga. Nikamwambia, "Ingia basi, unalowa."

Ijumaa, 16 Mei

Nimelala. Baba mtoto kafua.

Jumamosi, 17 Mei

Afisa kaja na viatu vya mpira, peke yake. Barua ya kubadili mradi haijatoka, akasema, lakini vifaranga wanahamia leo kwa kikundi cha vijana, wao banda walikuwa nalo tayari. Tukabeba maboksi. Muuza mboga alisikitika kweli, alikuwa ameshampa mmoja jina. Kisha afisa kakunja mikono akasugua ile sakafu pamoja nasi, na anajua kusugua. Kumbe kalelewa na mama wa mgahawa, alikuwa analala chini ya meza. Hakuwahi kutuambia, na sisi hatukuwahi kumwuliza.

Ijumaa, 23 Mei

Kikao kipya, ndani ya banda, tumekaa sakafuni. Tumekubaliana zamu za kulea, wavu ubaki juu ya kuta, mlango upanuliwe, jiko lisiwashwe karibu. Mwisho afisa akafungua mdomo, "Tume..." akajishika. Sisi tukacheka. Akasema, "Hapana. Kila mmoja aniambie kwa maneno yake tumekubaliana nini."

Ilichukua mchana mzima. Mmoja alielewa kwamba zamu ni ya kulipwa. Mwingine alielewa kwamba ni watoto wa kike tu. Nilishtuka. Tungeimba ule wimbo wetu tungeondoka kila mtu na banda lake kichwani.

Wifi aliulizwa wa mwisho. Alirudia yote, polepole, bila kukosea, kisha akaomba zamu ya Jumatatu, ya kwanza.

Macho ya wote yakaja kwangu. Nikasema, "Mpeni. Jumatatu anajua kuamka."

Jumatatu, 2 Juni

Jua. Tope limeanza kupasuka.

Maandishi ya ukutani yamebaki. Afisa alisema rangi ya kuyafuta itangoja bajeti, Mama Chai akamwambia ayaache, yamekosea wapi?

Mwanawe aliingia wa kwanza, kama tulivyoahidi, mkono umefunguliwa, ngozi mpya ya waridi. Nikamfungua Shangazi Mdogo mgongoni nikampa wifi. Zile nyuso mbili zikatazamana. Nikarudi kwenye cherehani.

Mgongo umekuwa mwepesi mpaka nimeogopa. Nimeshona mstari, nimepeleka mkono nyuma kumtafuta, hayupo, moyo ukaruka. Nikashona mwingine, nikapeleka tena. Mteja akaniuliza kama nawashwa.

Mwisho nikashindwa. Nikaenda kuchungulia kwenye wavu. Amekaa katikati ya wenzake, kijiko mkononi, anampigia mtu kelele. Nikamwita kwa jina lake, lile halisi.

Hakugeuka.